Gunia moja, sabuni mbili: kisa cha sabuni ya mawese Ujiji

Kikundi ninachokizungumzia kiko Ujiji, mkoani Kigoma. Ni wanawake 12 wanaotengeneza sabuni ya mche kwa mafuta ya mawese, kwa mtaji waliouchanga kwenye kikoba chao wenyewe. Jina lao nitalihifadhi. Walinunua pipa la plastiki la kukorogea, maboksi ya mbao ya kumwagia, waya wa kukatia na mzani wa saa kama ule wa dukani. Sabuni yao waliiuza kwa bei ya chini kuliko ya kiwandani, na miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri, hasa kwa kina mama wanaofua nguo za watu na kwa wenye mighahawa midogo.

Malalamiko yalipoanza, yalikuja yakipingana. Mteja mmoja alirudisha mche huku akionyesha vidole vilivyochubuka ngozi. Haukupita muda mrefu, mwingine akaja na shati jeupe la shule la mwanawe, kola ina madoa ya njano, na mche wake ulikuwa unatoka jasho la mafuta hata ukiwekwa kivulini. Vipimo vilikuwa vilevile, waliokoroga walikuwa walewale, na chumba kilikuwa kilekile.

Kikundi kikaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza kushukiwa akawa muuza mawese, kwamba anachakachua. Wakabadilisha muuzaji, ikaja nafuu ya muda mfupi, kisha hali ikarudi ileile. Wa pili akawa dada anayekoroga, kwamba anachoka mapema. Mwishowe kidole kikaelekezwa kwa mhazini, ambaye ndiye anayenunua na kupima kostiki (caustic soda, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni): kwamba anaipunja na kuuza tofauti. Siku niliyoitwa kuangalia, salamu zenyewe zilikuwa za juujuu, na mhazini alikaa peke yake karibu na mlango.

"Mwalimu," mwenyekiti aliniambia, "kama ni mafuta sema ni mafuta, kama ni mtu sema ni mtu. Tukae tukijua."

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona vikundi vikivunjika kwa shutuma za namna hii, wakati jibu liko kwenye mzani ambao wanao tayari.

Dumu la lita 20

Sabuni hutokana na mafuta na kostiki kushikana hadi vyote viwili vibadilike. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mawese inahitaji takribani gramu 141 za kostiki safi ili mafuta yote yageuke sabuni. Kostiki ikizidi, ile iliyobaki haina mafuta ya kushikana nayo, hivyo inasubiri mikono ya mfuaji. Ikipungua, mafuta yanabaki mafuta, na hayo ndiyo yanayopaka nguo.

Kikundi kilikuwa na kipimo kilichonakiliwa kwenye mafunzo: mafuta kilo 20, kostiki kilo 2.8, maji lita 10. Ukizidisha kilo 20 kwa gramu 141 unapata kilo 2.82, kwa hiyo kwenye mafuta na kostiki karatasi ilikuwa sahihi. Nikawauliza wanapimaje. Kostiki walikuwa wanaiweka kwenye mzani kila mara, na mhazini alinionyesha jinsi anavyopunguza gamba mojamoja hadi mshale utulie. Mafuta hawakuwa wanayapima. Walikuwa wanamimina dumu zima, kwa kuwa dumu ni la 20.

Tukaweka dumu tupu kwenye mzani, tukaandika uzito wake. Tukaweka dumu lililojaa, tukatoa uzito wa dumu tupu. Mafuta yenyewe yakawa kilo 18 na kidogo.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, alisogea akautazama mshale kwa karibu. "Kilo mbili zangu zimekwenda wapi, mwanangu?"

"Hazijaibiwa, bibi. Dumu ni lita 20, siyo kilo 20. Lita ya maji ni kilo moja, lakini mafuta ni mepesi. Lita ya mawese ni kama gramu 910."

Ukipiga hesabu upya, kilo 18.2 za mawese zinahitaji kilo 2.57 za kostiki. Wao walikuwa wanaweka kilo 2.8. Kila pipa lilikuwa na ziada ya karibu robo kilo ya kostiki isiyo na kazi. Vidole vilivyochubuka vimepata jibu hapo. Ila jibu hilo lilileta swali gumu zaidi: kama kila pipa lina kostiki ya ziada, ile miche inayotoka jasho la mafuta imetoka wapi?

Daftari la katibu

Katibu wa kikundi ni mtu makini. Daftari lake lilikuwa na tarehe ya kila pipa, majina ya waliokoroga, na siku kila gunia jipya la kostiki lilipofunguliwa. Sabuni nazo zilipangwa kwenye uchaga kwa tarehe. Nikaomba tuchukue mche mmoja wa kila tarehe, tuipange mezani kwa mfuatano, na mbele ya kila mche tuweke kikaratasi cha siku.

Tulitumia vipimo viwili. Cha kwanza ni tone la fenofthalini, dawa inayotumika kwenye maabara za sekondari. Ukiidondosha kwenye uso wa sabuni uliokatwa muda huohuo, inageuka waridi pale penye kostiki ya ziada. Cha pili hakihitaji dawa: unakwangua sabuni kidogo, unaiyeyusha kwenye maji ya moto ya mvua, unaacha yatulie, halafu unaangalia juu kama kuna matone ya mafuta yanaelea. Maji ya mvua ni bora kwa kipimo hiki, kwa kuwa maji ya kisima yenye chumvichumvi huleta utando hata kwa sabuni nzuri, na utaona kosa ambalo halipo.

Baada ya muda meza ikawa inajieleza yenyewe. Miche iliyotengenezwa siku za mwanzo baada ya gunia jipya kufunguliwa ilipata waridi kali. Ya katikati ya gunia ilikuwa safi, haina waridi wala mafuta. Ya mwisho wa gunia ilitoa matone yanayoelea. Gunia lililofuata likarudia mpangilio uleule. Zile siku za katikati ndizo ambazo kikundi kilikuwa kinasema walipata "mafuta mazuri".

Nikaomba kuona gunia. Lilikuwa kwenye kona ya chumba cha kukorogea, la kilo 25, nusu limetumika. Mfuko wa nailoni wa ndani ulikuwa umechanika, mdomo umefungwa kwa kamba tu, na kikombe cha kuchotea kiko humohumo. Magamba ya juu yalikuwa yameshikana vibonge. Kigoma iko kando ya ziwa, na tulikuwa msimu wa mvua.

Kostiki hunywa unyevu wa hewa. Ni jambo la kuambiwa na watu husahau, kwa hiyo tulilifanya pale mezani. Tuliweka gramu 100 za magamba mapya, kutoka gunia ambalo halijafunguliwa, kwenye sahani ya plastiki juu ya mzani mdogo, tukaendelea kunywa chai. Kabla chai haijaisha, kingo za magamba zilikuwa zinang'aa kama zimepakwa mate. Jioni sahani ilikuwa na kidimbwi, na mzani ulikuwa umepanda bila mtu kuongeza kitu.

Maana yake ni hii: mwisho wa gunia, ukipima kilo 2.8, sehemu ya uzito huo ni maji. Tuseme maji yamefika moja ya tano. Kostiki halisi iliyobaki kwenye kipimo chako ni kama kilo 2.24, na mafuta yanahitaji kilo 2.57. Upungufu huo unaacha zaidi ya kilo 2 za mawese kwenye pipa zikiwa mafuta tu, na zinatafuta kola ya shati la mtoto. Hewa pia inageuza sehemu ya kostiki kuwa magadi, ambayo hayana nguvu ya kuyageuza mafuta kuwa sabuni. Ule unga mweupe wanaouona juu ya baadhi ya miche ni magadi hayo.

Kwa hiyo palikuwa na makosa mawili yanayovutana. Dumu lilileta kostiki ya ziada, unyevu ukaipunguza. Mwanzo wa gunia dumu linashinda, mwisho unyevu unashinda, katikati yanafutana na sabuni inatoka nzuri kwa bahati. Ndiyo maana kila walipobadilisha kitu kimoja, muuzaji au mkorogaji, walipata nafuu ya wiki moja au mbili wakadhani wamemshika mkosaji, kumbe walikuwa wamefika katikati ya gunia.

Mhazini hakuwa amepunja hata gramu. Upimaji wake wa uangalifu ndio uliofanya mpangilio uonekane wazi mezani. Angekuwa anakadiria kwa kikombe, miche ingechanganyika ovyo na tusingeona kitu. Nilimwambia mwenyekiti aliseme hilo mbele ya wote, kwa sauti, siku hiyohiyo, naye akalisema.

Mawese machungu

Kuhusu mafuta yenyewe, lawama zile hazikuwa na msingi, na hapa pana faida ambayo wengi Kigoma hawaitumii. Mawese yaliyokaa yakachacha, yale yanayokereketa koo hadi hayafai tena mbogani, yanafaa kabisa kwa sabuni. Kiasi cha kostiki yanachohitaji ni kilekile kwa vitendo. Tofauti ni kwamba yanashikana na kostiki haraka zaidi, kwa hiyo mkorogo unaweza kuganda ukiwa bado pipani kama hukuandaa maboksi mapema. Harufu na rangi vitakuwa vizito kidogo. Kikundi kilikuwa kinanunua mawese ya kula kwa bei ya kula ili kiyafulie nguo! Sharti ni moja: yachujwe kwa kitambaa na yachemshwe hadi yaache kutatarika, kwa kuwa kutatarika huko ni maji, na maji ndani ya mafuta yanakudanganya kwenye mzani kama yanavyokudanganya kwenye kostiki.

Kuchemshia mafuta kwenye sufuria ya alumini hakuna tatizo. Kukorogea kostiki ndani yake ni hatari. Kostiki inaila alumini, inatoa gesi inayowaka, na niliikuta sufuria yao moja chini imetoboka, nyeusi ti. Ndoo na mapipa ya plastiki ngumu ndiyo vyombo vya kazi hiyo, au chuma cha pua kwa mwenye nacho.

Tulivyopanga upya

Tuliamua mafuta yapimwe kwa kilo, na dumu libaki chombo cha kubebea. Kwa kilo 18.2 za mawese, kostiki safi inayohitajika yote ni kilo 2.57. Sabuni ya kufulia haitakiwi kuwa na mafuta mengi ya ziada, lakini haitakiwi pia kuwa kwenye ukingo wa kisu. Tukaacha kama asilimia 4 ya mafuta bila kostiki. Kwa kostiki ya dukani yenye usafi wa asilimia 98 hivi, hesabu inatua kwenye kilo 2 na nusu. Na gunia ni kilo 25, kwa hiyo linagawanyika mapipa 10 kamili. Zamani lilikuwa halifiki hata 9.

Gunia linapofunguliwa, linagawanywa lote siku hiyo. Kilo 2 na nusu zinaingia kwenye mfuko mzito wa nailoni, hewa inakamuliwa, mfuko wa pili unavaa juu, na mifuko yote inawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, ndani ya kabati lenye kufuli. Siku ya kukoroga unafungua mfuko mmoja na kuutumia wote. Hakuna kuchota.

Msichana mdogo kuliko wote kikundini alitoa wazo lenye akili: kwa nini tusiyeyushe gunia zima kwenye maji, tukaweka kwenye madumu, tukawa tunapima maji ya kostiki? Viwandani hufanya hivyo. Nililikataa kwa sababu mbili. Kostiki ikiingia majini inatoa joto kali sana. Kwa mchanganyiko mzito wa nusu kwa nusu, joto linaweza kuchemsha maji yakaruka usoni. Ya pili ni nzito zaidi kwangu. Maji ya kostiki kwenye dumu la njano, ndani ya nyumba yenye watoto, yanafanana na maji ya kunywa. Mtoto akimeza, koo linaungua na kuziba kwa makovu, na kuna watoto wanaoishi miaka wakilishwa kwa mpira kwa ajili ya funda moja. Kostiki haiwekwi kwenye chupa ya soda wala dumu la mafuta, hata kwa dakika tano, hata kama "ninarudi sasa hivi".

Kwenye kuyeyusha, ni kostiki inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga, nje penye hewa, na glavu na miwani. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Ikirukia ngozi, maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha hospitali. Bibi alisema wao huweka limao. Nilimwomba aache, bibi alikubali baada ya mabishano ya heshima: tindikali ya limao juu ya kostiki huongeza joto kwenye ngozi ambayo tayari inaungua.

Maji tuliyapunguza kutoka lita 10 hadi 6. Maji mengi yanaongeza mche kwa macho tu. Sabuni inasinyaa, inapinda, na mama anayefua anaona inavyoisha haraka. Pia walikuwa wanauza siku ya pili baada ya kukata. Sasa sabuni inakaa kwenye uchaga angalau wiki 4. Pipa moja linatoa kama kilo 26 za sabuni mbichi, na ikikauka zinabaki kama 23. Wanachama wawili hawakupenda kuona kilo 3 "zikipotea", nami nawaelewa, kwa kuwa mtaji ni mdogo na fedha inalala uchagani. Ila kilo hizo ni maji, na mteja wa Ujiji amekwisha kujua tofauti.

Povu lilikuwa hoja ya mwisho. Sabuni ya mawese matupu ni ngumu na inadumu, lakini povu lake kwenye maji ya baridi ni la kujivuta. Dawa iko palepale Kigoma: mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kokwa ya chikichi. Moja ya tano ya mafuta ikiwa mise, povu linafunguka. Tahadhari ni kwamba mise yanakula kostiki zaidi, kama gramu 175 kwa kilo. Ukibadilisha kilo 3.6 za mawese kwa mise, kostiki inapanda kwa gramu 120 hivi. Ukisahau hilo unarudi kwenye madoa ya njano.

Je, sabuni yao ni rahisi kweli kuliko ya kiwandani? Kwa Ujiji, ndiyo, kwa sababu mawese yako mlangoni na machungu yanapatikana kwa bei ya chini. Kikundi cha Dodoma kikinunua mawese yaliyosafirishwa kwa lori hakitapata hesabu hii, na nisingewashauri waanze. Kiwanda kikubwa kinanunua mafuta kwa tani. Mtengenezaji mdogo hawezi kukishinda kwa bei ya malighafi ila akiwa amekaa juu ya malighafi yenyewe.

Ilibaki stoo. Uchaga ulikuwa umejaa miche isiyouzika ya aina zote mbili, na mazungumzo yalikuwa yameanza ya kuitupa. Nikawaambia mbaya mmoja ana upungufu wa kile ambacho mwingine amezidisha. Tulikwangua kiasi sawa cha inayochubua na inayotoka mafuta, tukaongeza maji ya mvua kidogo, tukapika kwa moto mdogo kwenye chombo cha chuma cha pua, tukikoroga hadi ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Tone la fenofthalini mwanzoni lilipiga waridi, baadaye likafifia, mwishoni likabaki bila rangi, na kwenye maji ya mvua mafuta hayakuelea. Nusu kwa nusu iliwafaa kwa miche ile mibaya zaidi. Kwa ile ya karibu na katikati ya gunia wanajaribu kidogo kwanza kwenye bakuli kabla ya kupika nyingi. Sabuni iliyorudiwa haina sura, ina mabonge na rangi ya mabaka, kwa hiyo wanaikata vipande na kuiuza kwa kilo kwa mama lishe wa Kibirizi, ambao wanataka iondoe mafuta ya samaki kwenye sahani na hawajali ina umbo gani.

Kinachowabana sasa ni nafasi. Wiki 4 za kukausha zinataka uchaga mara tatu ya walio nao, na seremala ameshapima ukuta wa nyuma.